Walimu na viongozi waliojenga Kilimanjaro na Arusha, nani niwafundishe wanafunzi wangu?

MwlHistoria_Moshi

Wakuu habarini za jioni, shikamooni wakubwa wote humu.

Mimi nafundisha historia sekondari moja ya kata huku Moshi vijijini, mwaka huu tumeanzisha klabu ya historia na watoto wako moto kweli kweli. Tatizo langu ni hili. Nikiwauliza watu mashuhuri wa kwetu wananitajia Mangi Meli, yaani chifu wa Kichagga, kwamba Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, hiyo wanaijua vizuri na nafurahi wanaijua, ila baada ya hapo wanaruka moja kwa moja mpaka Nyerere na Sokoine. Miaka 60 hapo katikati ni giza tupu. Halafu nikiuliza hizi shule zetu nani alizijenga, nusu wanajibu wazungu, nusu wanajibu serikali. Iliniuma sana maana mababu zao ndo walibeba mawe.

Sasa wazazi wamekubali kuchangia Coaster moja, Jumamosi moja, tuzunguke. Naomba mnisaidie majina ya watu na mahali pa kuwapeleka wakaone kwa macho. Sio lazima awe mwanasiasa. Mwalimu, mtu wa ushirika, mtu wa dini, mama yeyote aliyesimamisha kitu kikasimama. Na tafadhali ukitaja jina sema alifanya nini, majina matupu tunayo tayari kwenye vibao vya barabarani.

Mbuni_na_Mgomba

Mwalimu hongera, kazi unayoifanya ni kubwa. Mi ningeanzia kwenye kahawa, asee huwezi kuelezea shule za Kilimanjaro ukaacha kahawa, ada ilitoka pale.

Waambie hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 20 walowezi hawakutaka kabisa Mwafrika alime kahawa ya arabika, walikuwa wanasema mashamba ya wenyeji yataleta magonjwa kwenye mibuni yao lakini hofu nyingine kubwa ilikuwa vibarua, maana mtu mwenye kahawa yake kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo nyumbani, aende kupalilia ya mwingine kwa lipi? Kuna afisa wa Kiingereza hapa Moshi, Charles Dundas, aliwaunga mkono wakulima, na mwaka 1925 wakulima wenyewe wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, kwa kifupi KNPA, na mmoja wa waliokuwa mbele kabisa ni Joseph Merinyo wa Old Moshi. Huyu mtu angekuwa nchi nyingine angekuwa na sanamu. Kijana wa shule ya misheni anasimama kupambana na walowezi kuhusu nani ana haki ya kupanda mti gani kwenye ardhi ya babu yake, mwaka 1925 huo, hakuna TANU, hakuna chochote.

KNPA ikaja kuingia kwenye shida za hela na migogoro, serikali ikatunga sheria ya ushirika 1932, na 1933 ikazaliwa KNCU, Kilimanjaro Native Co-operative Union, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Ila mwalimu usiwape hadithi tamu tupu. Mwaka 1937 kulikuwa na ghasia kubwa, wakulima walikataa kulazimishwa kuuza kahawa yao KNCU peke yake, maghala ya vyama vya msingi yakavamiwa, serikali ikatumia nguvu. Watoto wajue kwamba babu zao walikijenga chama na babu zao haohao wakakigomea walipoona kinawabana, vyote viwili ni ushirika. Halafu 1976 serikali yetu wenyewe ikavunja vyama vikuu vyote nchi nzima, vikarudi 1984, na ukiongea na mzee yeyote mwenye kihamba atakwambia ile miaka ya katikati ilifanya nini kwenye bei na kwenye moyo wa mkulima.

Mahali pa kuwapeleka ni jengo la KNCU pale mjini, wasimame nje kwanza waliangalie. Hilo ni jengo la wakulima. Kisha Chuo cha Ushirika kilichoanza 1963, ambacho tangu 2014 ndo Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Na kama mna chama cha msingi kijijini kwenu ambacho ghala bado lipo na mizani ipo, anzeni hapo hapo kabla hamjapanda hiyo Coaster.

BintiWaWeruweru

Mwalimu shikamoo. Nimesoma jibu la juu nimelipenda, ila nimeona wanaume watupu nikasema hapana, ngoja niandike.

Mama Maria Kamm. Waliosoma Weruweru, ile sekondari ya wasichana ya Moshi, wote wataelewa nikitaja hilo jina tu. Shule ilianzishwa na masista wa Kikatoliki ikiitwa Assumption, serikali ikachukua shule za madhehebu baada ya sheria ya elimu ya 1969, na Mama Kamm akawa mkuu wa shule kuanzia 1970 akakaa pale zaidi ya miaka 20. Baadaye alikuwa mbunge pia lakini kwa sisi yeye ni mwalimu mkuu. Fikiria ule wakati, msichana kufika sekondari ni bahati ya wachache sana, wazee wengi bado wanasema kumsomesha binti ni kumtajirisha mkwe, na huyu mama anakusanya mabinti kutoka kila kona ya nchi, Wamasai, Wahaya, Wamakonde, Wapare, Waislamu na Wakristo, anawaweka bweni moja na anawaambia hakuna kazi iliyoandikwa ya mwanaume. Elimu ya Kujitegemea pale haikuwa wimbo wa kuimba paredi. Mabinti walikuwa wanashika jembe, wanalisha mifugo na wanasoma fizikia siku hiyo hiyo. Mimi nilichokiona kwa dada zangu waliopita mikononi mwake ni kwamba hawaogopi kuongea mbele ya mtu yeyote. Mpaka leo ukiwa kwenye kikao cha ukoo ukaona mama mmoja anasimama anaongea hoja yake mpaka mwisho bila kutetemeka, muulize alisoma wapi.

Wa pili ni Lucy Lameck. Alizaliwa 1934 Njoro, hapo hapo Moshi. Alisomea uuguzi, akaacha kwa sababu hakutaka kutumika kwenye mfumo wa mkoloni, akajifunza upigaji chapa na kazi za ukatibu muhtasi, akafanya kazi KNCU, ona sasa inavyorudi kwenye KNCU ya mkuu hapo juu. Akaenda Ruskin College kule Oxford, na Western Michigan huko Marekani. 1960 akaingia Baraza la Kutunga Sheria, na baada ya uhuru akawa naibu waziri wa ushirika na maendeleo ya jamii, baadaye afya. Alifariki 1993. Alikuwa anasimama bungeni anatetea haki za wanawake kwenye ndoa na kwenye ajira kipindi ambacho wabunge wanaume walikuwa wanampinga waziwazi, na hakurudi nyuma. Mwalimu kama klabu yako ina wasichana, na najua inao, naomba sana huyu mama asikose kwenye ukuta wenu.

Mzee_wa_Usharika

Mwalimu, marahaba. Nawe binti hapo juu, marahaba, umesema vema.

Mimi nitaongea upande wa kanisa maana ndiko nilikolelewa, wenzangu Wakatoliki wataleta ya Kilema na Kibosho, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mapema sana, tangu miaka ya 1890 mwanzoni. Sisi Walutheri misheni ya Leipzig ilifika Machame 1893. Hayo watu wengi wanayajua. Jambo ambalo halisemwi, na mimi naona ndilo zito kuliko yote, ni lile la 1920.

Baada ya vita ile ya kwanza Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Wakaondoka wote, pamoja na Bruno Gutmann wa Old Moshi ambaye alikuwa ameshakaa na wazee wetu miaka mingi akiandika mila na sheria za Wachagga. Sasa jiulize, mchungaji hayupo, mkuu wa shule hayupo, hela kutoka Ulaya hakuna. Shule zilikufa? Kanisa lilikufa? Hapana. Walimu wa Kichagga walishika. Kijana aliyejifunza kusoma kwa Wajerumani, mshahara wake mdogo kabisa, ndiye aliyekuwa anafundisha a e i o u asubuhi, anafundisha katekisimu mchana, Jumapili anahubiri, na wagonjwa anawatembelea yeye. Usharika ukamlisha kwa ndizi na maharage. Waliendesha hivyo mpaka Walutheri wa Marekani walipokuja kusaidia, na katikati ya miaka ya 20 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi, Gutmann naye akarudi akakaa mpaka 1938. Lakini waliporudi walikuta nyumba ina wenyewe.

Majina ya walimu wale wengi wako kwenye vitabu vya ubatizo na kwenye makaburi ya familia zao tu. Mwalimu, mimi ningeomba watoto wako kila mmoja akaulize nyumbani, babu wa babu nani alikuwa mwalimu wa shule ya usharika. Utashangaa mikono itakayonyooka.

Katika uzao huo wa walimu ndipo alipotoka Askofu Stefano Moshi. Amezaliwa 1906, mtu wa Mamba, alianza kama mwalimu kabla ya kuwa mchungaji. Mwaka 1963 makanisa 7 ya Kilutheri nchini yalipoungana kuwa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yeye ndiye alikuwa Mkuu wake wa kwanza, akaongoza hadi alipofariki 1976. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ilifunguliwa 1971, yeye akiwa bado kazini. Kile chuo cha SMMUCo, Stefano Moshi Memorial University College, kina jina lake, wanafunzi wanapita pale getini kila siku na wengi ukiwauliza Stefano Moshi ni nani wanadhani ni jina la mji.

Engarenanyuki_Damu

Wakuu mmetuzunguka Kilimanjaro tu, Arusha je jamani 😀 mwalimu kasema Kilimanjaro na Arusha.

Kirilo Japhet. Huyu usimwache kabisa. Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwatoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki, watu kama 3,000, nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa, ardhi wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Bibi zetu walikuwa wanatusimulia na ukiwaangalia usoni unajua hii haijaisha. Sasa Wameru walifanya nini, wakachanga. Watu waliochomewa nyumba wakachanga hela, kila mtu alichonacho, wakamtuma Kirilo New York Umoja wa Mataifa mwaka 1952 akaongee mbele ya Baraza la Udhamini, maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na mkoloni alitakiwa kujibu kule. Ndo Mtanganyika wa kwanza kusimama Umoja wa Mataifa, miaka kabla Nyerere hajaenda. Hawakupewa ardhi yao pale pale, huo ndo ukweli, azimio la kuwatetea halikupata kura za kutosha kwenye mkutano mkuu. Ila aliporudi alizunguka nchi akaeleza watu kilichotokea na watu wengi wakaamka, wakaona kumbe mkoloni anaweza kushtakiwa.

Na hapa mwalimu ndo Moshi inaingia, wakili aliyewasaidia alikuwa Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda, ofisi yake ya uwakili ilikuwa Moshi, alikwenda naye mpaka Umoja wa Mataifa. Baadaye akaja kuwa jaji. Nani Moshi anamkumbuka Seaton leo?

Ila kwenda Engare Nanyuki na Coaster siku moja ukiunganisha na Moshi mjini mtachoka, ni mbali na barabara ya juu huko sio rafiki. Bora mtafute mzee wa Kimeru aje shuleni aongee nao. Na kama mtafika Arusha mjini basi Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni, lile jengo ndo TANU walikaa Januari 1967 Azimio likazaliwa, likatangazwa tarehe 5 Februari.

Kiboroloni_Original

Hii mada nzuri ila naona mnamkwepa Mangi Mkuu Thomas Marealle. Mtu alichaguliwa 1951 na Wachagga wote, wa kwanza kuwaunganisha chini ya mangi mmoja baada ya miaka mingi ya Marangu na Machame na Kibosho kila mtu kivyake, msomi wa Uingereza, mwaka 57 akaenda Umoja wa Mataifa kudai Tanganyika ijitawale. Kwa nini hamumtaji? Kwa sababu alitolewa kwa kura 1960? Au kwa sababu baadaye ilionekana umangi ni kitu cha aibu?

MwlMstaafu_Marangu

Kiboroloni, kijana wangu, hakuna anayemkwepa, na mimi nimetokea kwake Marangu. Mangi Mkuu aliipa nchi yetu ya Wachagga heshima kubwa, kodi ya kahawa na baraza la Wachagga vikajenga barabara na shule, hilo nitalisema popote. Lakini ukimfundisha Marealle lazima umfundishe na aliyesimama upande wa pili, Solomon Eliufoo wa Machame, na mimi kama mwalimu naona Eliufoo ndiye anayefaa zaidi kwa swali la mwalimu mwenzangu.

Eliufoo alikuwa mwalimu kwanza. Makerere, kisha Marekani na Uingereza. Yeye na wenzake walisema kiongozi wa juu achaguliwe kwa muda, asikae maisha, na 1960 wananchi wakapiga kura wakakubaliana naye, akawa Rais wa Wachagga. Nchi ilipopata uhuru Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri wa Elimu, 1962 mpaka 1967. Tazama kilichofanyika kipindi hicho. Shule zilizokuwa za Wazungu peke yao, Wahindi peke yao, Waafrika peke yao, zikaunganishwa. Ada ya sekondari za serikali ikafutwa 1964. Mtoto wa mkulima wa Songea ambaye hajawahi kusikia jina Eliufoo alisoma bure kwa mkono wake. Alifariki 1971, mapema mno.

Sasa niseme lingine ambalo limenikaa moyoni miaka yote niliyoshika chaki. Hao wote tuliowataja ni wakubwa. Nani alijenga shule? Miaka ya 70 nafasi za kwenda sekondari ziligawanywa kimkoa, ili mikoa iliyoachwa nyuma na mkoloni nayo ipate, na mimi nasema ilikuwa haki, lakini kwa mzazi wa Kilimanjaro mwenye mtoto aliyefaulu akakosa nafasi ilikuwa msiba ndani ya nyumba. Wazazi hawakukaa wakalia. Walijenga. Miaka ya 80 mkoa huu ulijaa sekondari za wananchi, za dayosisi, za jimbo, za Wazazi, karibu kila kata. Ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Siku ya msaragambo kengele inapigwa, huyu analeta mawe, huyu mchanga wa mtoni, huyu mbao za mti aliouotesha baba yake, kina mama wanapanga foleni kutoka mtoni na ndoo za maji kichwani mpaka zege likamwagwa. Asiye na kitu analeta mkungu wa ndizi wapikiwe mafundi. Malipo ya pili ya kahawa yakitoka, kabla mtu hajanunua hata shati, mchango wa bati unakatwa. Hakuna jina la mtu hata mmoja kwenye lile jiwe la ufunguzi zaidi ya la mgeni rasmi aliyekuja kukata utepe.

Nyingi ya shule hizo leo mnaziita za serikali, na watoto wanaamini hivyo. Mwalimu, naomba shule yako mwenyewe iwe kituo cha kwanza. Tafuta kumbukumbu za kamati ya ujenzi, za kijiji au za usharika, yale madaftari ya michango yenye majina na kiasi. Mengine bado yapo kwenye masanduku ya wazee. Yakipotea hayo, hakuna mtafiti atakayekuja kuyaandika upya.

Mbuni_na_Mgomba

Mwalimu mstaafu shikamoo, umeandika kitu kizito sana. Hilo la daftari la michango nakazia, nyumbani kwetu lipo moja, mzee alikuwa mweka hazina wa kamati, kurasa zimeanza kuliwa na mchwa. Mwalimu mwenye uzi nitalipiga picha kurasa zote nikutumie inbox, watoto wajifunze kusoma chanzo halisi cha historia.

BintiWaWeruweru

Naongezea tu, kwenye hayo madaftari angalieni majina ya kina mama. Mara nyingi mchango umeandikwa jina la mume na aliyebeba ni mke. Waulizeni bibi zao moja kwa moja, wasisubiri kuambiwa na babu.

MwlHistoria_Moshi

Wakuu asanteni sana, sikutegemea haya yote. Mzee wa Usharika na Mwalimu mstaafu, shikamooni tena.

Nimeshakaa na wenzangu wawili wa idara tumebadilisha mpango. Wiki mbili za mwanzo hakuna Coaster. Kila mwanafunzi anapewa maswali anaenda nyumbani, nani kwenye ukoo alikuwa mwalimu wa usharika au wa parokia au wa madrasa, nani alikuwa kwenye kamati ya ujenzi wa shule, na bibi anaulizwa peke yake kama dada alivyosema. Mkuu wa shule yetu amekubali tutafute yale madaftari, mwenyekiti wa kijiji amesema anajua mzee mmoja aliyekuwa katibu wa kamati na bado ana kumbukumbu nzuri tu. Kisha Jumamosi ya safari tunaanzia ghala la chama cha msingi, tunashuka jengo la KNCU, Chuo cha Ushirika, tunapita SMMUCo wasome lile jina la getini wakiwa wanajua ni la nani, tunamalizia Njoro kwa ajili ya Lucy Lameck. Arusha tumeiweka muhula wa pili, Kaloleni, na mzee wa Kimeru akipatikana aje shuleni kabla, ili wakifika kule wawe wameshasikia habari za Kirilo na Seaton.

Marealle na Eliufoo tutafanya mdahalo, nusu ya klabu huku nusu kule, Kiboroloni karibu uje uwe jaji kama uko karibu.

Nina swali moja limebaki. Waliowahi kupeleka wanafunzi jengo la KNCU, barua inaandikwa kwa meneja mkuu moja kwa moja au naanzia chama chetu cha msingi?

Mbuni_na_Mgomba

Anzia chama cha msingi mwalimu, mwenyekiti wenu aigonge muhuri aipeleke yeye, ninyi ni watoto wa wanachama sio wageni. Barua iende mapema, na usipange msimu wa kahawa, hapo utawakuta wako bize mpaka usiku.

Engarenanyuki_Damu

Mzee wa Kimeru nimeshampata mwalimu, ni babu yangu mdogo, alikuwa mtoto wakati wa ile hamisha hamisha na anakumbuka. Amekubali kuja ila anaomba afuatwe stendi ya Moshi, miguu inamsumbua. Nitumie tarehe.